Mohamed Shamte: Viti vitatu vilivyoamua nani aitawale Zanzibar

VITI vitatu tu, katika baraza lenye viti 23, vilimfikisha Sheikh Mohamed Shamte Hamadi kwenye kilele cha serikali ya Zanzibar mwezi Juni mwaka 1961. Chama chake kilikuwa cha tatu kwa ukubwa kati ya vyama vitatu. Pamoja na hayo, yeye ndiye aliyekuwa Waziri Kiongozi, kisha Waziri Mkuu wa kwanza wa Zanzibar huru, ambayo serikali yake iliiongoza kwa muda wa mwezi mmoja na siku mbili.

Kila uchaguzi unapokaribia nchini, huzuka upya mjadala wa iwapo vyama vidogo visivyofanana kwa itikadi vinafaa kuungana ili kuking'oa chama kikubwa, au kila kimoja kisimame kwa miguu yake na kuhesabu kura zake. Mjadala huo huendeshwa kana kwamba ulianza na mfumo wa vyama vingi wa mwaka 1992. Ukweli ni kwamba ulikwishafanyika miaka 30 kabla ya hapo, tena kwa gharama ya maisha ya watu, na katikati yake alikuwa mwalimu huyu mstaafu wa Pemba.

Shamte alizaliwa kisiwani Pemba mwaka 1907, wakati visiwa vikiwa chini ya himaya ya Mwingereza huku Sultani akiwa amebaki kwenye kiti chake. Alifanya kazi ya ualimu kwa miaka mingi, na baadaye akajulikana pia kama mkulima wa karafuu. Mambo hayo mawili, chaki na karafuu, yanaeleza mengi kuhusu msimamo wake wa kisiasa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa mwenendo, mwenye kuheshimika mitaani na vijijini, na mwenye mali ya kutosha kumfanya aogope misukosuko.

Ili kumwelewa, ni lazima kwanza kuielewa Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu la visiwa hivyo. Huko, Washirazi wengi walimiliki mikarafuu yao wenyewe, hata kama ni michache. Waliishi jirani na Waarabu wenye mashamba, wakaoana nao, wakasali nao msikiti mmoja. Unguja hali ilikuwa nyingine. Wahadimu walikuwa wamesukumwa hadi kwenye ardhi ya mawe ya mashariki na kusini, wakati ardhi yenye rutuba ya magharibi ilishikwa na wenye mashamba, na kazi ya mashambani na bandarini ikafanywa kwa kiasi kikubwa na watu waliotoka bara.

Kwa hiyo Mshirazi wa Pemba na mchukuzi wa Ng'ambo, ingawa wote waliitwa Waafrika katika vitabu vya serikali, hawakuwa na kilio kimoja. Hapo ndipo ulipoanzia ugumu wote uliofuata.

Chama cha kwanza kikubwa, Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu, kiliundwa mwaka 1955. Chimbuko lake lilikuwa chama cha wakulima wa Kiembe Samaki, kijiji kilichogombana na serikali mwaka 1951 kuhusu kuchanjwa kwa ng'ombe wao. Punde uongozi ukaangukia mikononi mwa wasomi wengi wao wenye asili ya Kiarabu, akiwamo Sheikh Ali Muhsin Barwani. Hizbu ilidai uhuru wa haraka, ilisisitiza umoja wa raia wote wa Sultani bila kujali rangi, na ilivutiwa na Misri ya Gamal Abdel Nasser.

Februari 1957, African Association na Shirazi Association ziliungana Unguja na kuzaa kilichokuja kuwa Afro-Shirazi Party, ASP, chini ya Abeid Amani Karume. Washirazi wa Pemba walisita kuingia moja kwa moja. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo, wa viti sita tu, Karume alimshinda Ali Muhsin vibaya katika jimbo la Ng'ambo, na Hizbu haikuambulia kiti hata kimoja. Viti viwili vya Pemba vilichukuliwa na Shamte na mwenzake Ali Sharif Mussa, ambao walisimama kivyao na kujiunga na kambi ya Karume baada ya kura kuhesabiwa.

Ndoa hiyo haikudumu. Viongozi wa Kishirazi walilalamika kwamba ndani ya ASP sauti ya watu wa bara ilikuwa kubwa kuliko ya wenyeji. Mwishoni mwa mwaka 1959, Shamte, Ali Sharif na Sheikh Ameir Tajo, mwalimu wa dini wa Makunduchi, walijitenga na kuunda Zanzibar and Pemba People's Party, ZPPP. Jina lenyewe lilitangaza dhamira: hiki kilikuwa chama cha watu wa Unguja na Pemba, kikijiweka kati ya Waarabu wa Hizbu na watu wa bara wa ASP.

Kama ZPPP ingebaki katikati, huenda leo ingekumbukwa kama chama kidogo cha waungwana kilichopita bila kishindo. Uchaguzi wa Januari 1961 haukuiachia nafasi hiyo.

Viti vilivyoshindaniwa vilikuwa 22. ASP ilipata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kilikwenda ASP kwa tofauti ya kura moja, jambo ambalo wazee wa Pemba hawajalisahau. Hakuna chama kilichofikisha wingi wa kuunda serikali, na macho yote yakageukia watu watatu wa ZPPP.

Wakagawanyika. Shamte na mjumbe mmoja walikwenda Hizbu. Ali Sharif, aliyeanzisha chama hicho pamoja naye, alirudi ASP. Hesabu ikawa 11 kwa 11. Ikaundwa serikali ya muda, na uchaguzi mwingine ukaitishwa mwezi Juni, safari hii kwa viti 23 ili isitokee tena sare.

Tukio la Januari linastahili kutazamwa kwa makini kuliko lile la Juni, ingawa wanahistoria wengi hulipita haraka. Mpiga kura wa Pemba aliyeichagua ZPPP mwezi Januari hakuwa ameambiwa kura yake itaishia wapi. Alichagua chama cha kati, akaamka asubuhi na kukuta chama hicho kimegawanywa kama mkate, vipande viwili huku na kipande kimoja kule. Kwa kipimo chochote, huo ulikuwa udhaifu wa uongozi wa Shamte. Kiongozi wa chama kidogo kinachoweza kushika mizani anapaswa kujua kabla ya siku ya kura mizani hiyo ataielekeza wapi, na wenzake wajue vilevile.

Juni mambo yalifanyika kwa uwazi zaidi. ZPPP na Hizbu zilitangaza ushirika wao mapema na kuachiana majimbo, ili mgombea wa chama kimoja asimpunguzie kura mwenzake. Aliyekwenda kituoni alijua kwamba kura ya Shamte ni kura ya Ali Muhsin, na kinyume chake. Matokeo yalikuwa ASP viti 10, Hizbu 10, ZPPP 3. ASP ilikuwa imepata karibu nusu ya kura zote visiwani, lakini kwa viti ilizidiwa 13 kwa 10.

Siku ya kupiga kura, Juni 1, ghasia zililipuka Unguja. Watu 68 waliuawa, wengi wao wakiwa Waarabu wa mashambani, na mamia wakajeruhiwa. Serikali ya Shamte iliapishwa visiwa vikiwa bado katika hali ya hatari.

Je, vyama hivyo viwili vilifanana nini? Kwa kweli, vichache. Hizbu ilikuwa na mrengo wa vijana wa siasa kali za kushoto, wakiongozwa na katibu mkuu wake Abdulrahman Mohamed Babu, waliotazama Peking na Havana. ZPPP ilikuwa chama cha wahafidhina wenye mikarafuu. Hizbu ilitaka uhuru upesi, wakati Washirazi waliomfuata Shamte walikuwa wametoka ndani ya ASP, chama kilichohofia kwamba uhuru ukija upesi mno ungewakuta Waafrika bado nyuma kwa elimu na vyeo. Hizbu ilihubiri kwamba hakuna kabila, kuna raia tu. ZPPP iliundwa kwa msingi wa Ushirazi.

Kilichowaunganisha ni vitu vitatu: Uislamu, heshima kwa kiti cha Sultani, na hofu ya kumezwa na bara. Hofu ndiyo iliyokuwa gundi yenye nguvu zaidi.

Shamte akawa Waziri Kiongozi, na hapa Hizbu ilionyesha werevu. Yenye viti 10 ilimpa uongozi mwenye viti 3, ili serikali iwe na sura ya Mshirazi badala ya Mwarabu. Wapinzani wake walisema alikuwa pazia tu na kwamba mwenye nguvu ni Ali Muhsin. Huenda walimtilia chumvi, kwa maana Shamte hakuwa mtu wa kuburutwa kirahisi. Lakini ni kweli kwamba chama kidogo kinachopewa kiti kikubwa kuliko nguvu zake hulazimika kumsikiliza aliyekipa.

Mkutano wa katiba mjini London mwezi Machi mwaka 1962 ulivunjika bila mapatano. ASP ilitaka uchaguzi mpya kabla ya uhuru, na serikali ilitaka kusonga mbele na hesabu zilizopo. Mwaka huohuo Babu alifungwa kwa kosa la uchochezi, naye alipotoka mwaka 1963 alijitenga na Hizbu na kuanzisha Umma Party. Chama hicho cha Kimarx kikaelekea upande wa ASP, chama cha wachukuzi na wakulima kilichoongozwa na baharia wa zamani. Kwa maneno mengine, kambi zote mbili sasa zilikuwa ndoa za watu wasiofanana, na wale wanaomlaumu Shamte peke yake kwa kuungana na asiyefanana naye hulisahau jambo hilo.

Serikali ya ndani ilipatikana Juni 24, 1963, na uchaguzi wa mwisho ukafanyika mwezi uliofuata kwa viti 31. ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13. Hizbu ilipata viti 12 na ZPPP 6, jumla 18. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo yake ya Unguja, ambako ilishinda kwa mbali sana, na zile za ushirika zilitawanyika vizuri zaidi. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hata hivyo, wengi waliopiga kura waliona wameshinda na hawatawali.

Yapo mataifa yenye mila ndefu ya uchaguzi yanayovumilia hali kama hiyo kwa miaka mitano hadi uchaguzi mwingine. Zanzibar ya mwaka 1963 haikuwa na mila hiyo. Ilikuwa na kumbukumbu ya maiti 68 za miaka miwili iliyopita.

Ni katika miezi hii ambapo Shamte anastahili lawama iliyo kubwa kuliko ya kuungana na Hizbu. Serikali yake haikuwaingiza wapinzani katika madaraka wakati zaidi ya nusu ya wapiga kura walikuwa nyuma yao. Iliwaondoa kazini askari polisi wenye asili ya bara, watu waliojua silaha zinatunzwa wapi na zinalindwaje, bila kuwapa njia nyingine ya kuishi. Mapema Januari 1964 ikaipiga marufuku Umma Party. Chama kidogo kilichoingia madarakani kwa sababu mfumo unaruhusu wachache kusikika, kilitumia madaraka hayo kuwanyamazisha wengine.

Uhuru ulipatikana Desemba 10, 1963, mbele ya mume wa Malkia wa Uingereza, Prince Philip. Siku sita baadaye Zanzibar ilikuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Shamte alikuwa Waziri Mkuu, Ali Muhsin Waziri wa Mambo ya Nje, na Sultani Jamshid bin Abdullah mkuu wa dola.

Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni vilivamiwa na silaha kutwaliwa. Miongoni mwa wavamizi walikuwamo askari walewale walioachishwa kazi. Sauti iliyosikika redioni ilikuwa ya John Okello, mzaliwa wa Uganda ambaye Wazanzibari wengi hawakuwa wamewahi kumsikia. Serikali iliomba msaada wa Uingereza, haukuja. Sultani aliondoka kwa meli, akaishi uhamishoni Uingereza hadi mwaka 2020 alipohamia Oman, ambako alifariki dunia Desemba 2024. Watu wengi, hasa wenye asili ya Kiarabu, waliuawa katika siku zilizofuata.

Shamte na mawaziri wenzake walikamatwa na kufungwa. Ali Muhsin alikaa miaka 10 katika magereza ya bara. ZPPP ilifutwa pamoja na vyama vingine vyote isipokuwa ASP, na mwalimu yule wa Pemba hakurejea tena kwenye siasa.

Wakati visiwa vikipita katika tanuri hilo, upande wa bara swali la vyama kushirikiana lilikuwa karibu halipo. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 Tanganyika, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya viti vyote havikuwa na mpinzani. Kiti pekee kilichowatoka kilikuwa cha Mbulu, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Babati yote, ikiwamo Mutuka. Huko Herman Sarwatt alimshinda mgombea rasmi wa TANU, Chifu Amri Dodo. Lakini hata Sarwatt alikuwa mwana-TANU aliyesimama kinyume cha uteuzi wa chama chake. Chama pinzani cha Zuberi Mtemvu, African National Congress, hakikuwa na wa kuungana naye, na katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 mgombea huyo alipata chini ya asilimia mbili ya kura.

Mfano ulio karibu zaidi na wa Shamte ni wa Uganda. Mwaka 1962, Uganda People's Congress ya Milton Obote iliungana na Kabaka Yekka, chama cha kutetea kiti cha mfalme wa Buganda. Mmoja alitaka dola moja yenye nguvu, mwingine alitaka ufalme usiguswe. Waliunganishwa na adui mmoja, Democratic Party. Walipokwisha kumshinda, hawakuwa na la kufanya pamoja. Ushirika ulivunjika mwaka 1964, na mwaka 1966 jeshi la Obote lilivamia kasri la Kabaka, ambaye alikimbilia Uingereza.

Kwa wakazi wa Mutuka na kata nyingine za mji wa Babati, kumbukumbu ya karibu ni ya mwaka 2015. Umoja wa Katiba ya Wananchi, Ukawa, uliozaliwa mwaka 2014 ndani ya Bunge Maalumu la Katiba, uliwaweka pamoja CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Waliachiana majimbo kama walivyofanya Hizbu na ZPPP, ingawa katika baadhi ya majimbo waligongana. Jimbo la Babati Mjini lilikwenda CHADEMA. Mgombea urais, Edward Lowassa, alipata karibu asilimia 40 ya kura, kiwango ambacho upinzani haukuwahi kukifikia. Lakini viongozi wawili wakubwa, Dk. Willibrod Slaa na Profesa Ibrahim Lipumba, walijitoa kabla ya kampeni kushika kasi, wakipinga kupokewa kwa mtu ambaye vyama vyao vilikuwa vimemshutumu kwa miaka. Mwaka uliofuata CUF ikapasuka.

Tofauti ni kwamba Ukawa angalau ilikuwa na jambo la kulijenga, rasimu ya katiba, na si la kulizuia tu. Kama Shamte na Ali Muhsin walikuwa na jambo la namna hiyo mbali na kuizuia ASP, halikuonekana katika miezi waliyoshika madaraka peke yao.

Siasa za Pemba zilibaki na alama za enzi hizo. Vyama vingi viliporudi, CUF ilichukua viti vyote 21 vya Baraza la Wawakilishi kisiwani humo mwaka 1995. Zanzibar ilihitaji kura ya maoni ya Julai 2010 ili kuweka katika katiba yake kile ambacho serikali ya mwaka 1963 haikukitoa, yaani nafasi ya mshindwa ndani ya serikali.

Sheria nayo imebadilika. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Vyama vya Siasa yaliweka utaratibu wa vyama kushirikiana. Sheria yenyewe, ya mwaka 1992, inakitaka chama kinachoomba usajili wa kudumu kiwe na wanachama katika mikoa isiyopungua 10, angalau mmoja ukiwa wa Unguja na mwingine wa Pemba, na inakataza chama kujengwa juu ya kabila au eneo moja la nchi. Kwa masharti hayo, ZPPP ya Sheikh Mohamed Shamte, iliyowahi kutoa Waziri Mkuu, isingepata hata cheti.